Muulize Nesi: Ukoo wa Mume Wangu Wanacheza Bila Ngoma

Toleo lililopita niligusia ugonjwa wa Huntington, ule wa kurithi unaofanya mwili ucheze wenyewe, kwa mistari kama sita hivi, nikajua watu watapita tu waende kwenye mapishi, kumbe nilichokoza mzinga. Barua zimekuja kutoka Kirumba, Nansio, Sengerema, mpaka moja ya Bunda. Leo najibu tatu tu, ya kwanza kwa kirefu kwa sababu imebeba karibu kila kitu.

Shikamoo mama nesi. Mimi ni mama wa watoto watatu nakaa Kirumba nauza dagaa pale Mwaloni. Mume wangu ana miaka 41, ni fundi wa injini za mitumbwi. Miaka mitatu hivi nyuma vidole vilianza kucheza vyenyewe, bega linapanda linashuka, mguu unaruka ghafla, spana zinamdondoka, mi nikawa namwambia baba tulia basi, ananambia mbona nimetulia. Sa hivi anayumba akitembea watu wanasema kalewa na hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha, kuna sehemu tulienda kutibiwa (siitaji) tukaambiwa aache gongo kwanza ndo tumrudishe. Hasira zimekuwa nyingi, anasahau bei za spea, kakonda. Baba yake alikuwa hivohivo mpaka anakufa kule Ukerewe, baba mdogo wake pia, na bibi mzaa baba nasikia walimwita mama anayecheza bila ngoma. Ng'ombe zimeuzwa kwa waganga, wakaambiwa masamva (mizimu ya ukoo) wamekasirika. Sasa mawifi wanasema mimi ndo nimemroga nibaki na nyumba. Huu ni ugonjwa gani, unatibika? Na wanangu je, maana wa kwanza kafanana na baba yake mpaka kucha.
Mama wa Watatu, Kirumba

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na la mawifi kwa sababu najua ndo linalokunyima usingizi kuliko hata ugonjwa wenyewe: hujamroga mtu. Kitu kilichoanza kwa bibi kikaenda kwa baba na baba mdogo kikafika kwa mumeo kilikuwepo kwenye ukoo wao hata kabla wewe hujazaliwa, sa ungekirogaje.

Mimi sio daktari na sijamuona mumeo kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika ana Huntington. Ila picha uliyochora, yaani mwili kucheza bila ruhusa ya mwenyewe, hasira, kusahau, kukonda, umri wa miaka thelathini na kitu hadi hamsini, na kizazi baada ya kizazi, hiyo picha inafanana nao sana. Huko kucheza kwa mwili madaktari wanakuita korea (sio ile nchi, ni neno la Kigiriki la kucheza ngoma), kwa hiyo wazee wa Ukerewe waliosema bibi anacheza bila ngoma walikuwa wameshatoa jina lilelile bila kusoma popote. Na angalia tofauti, hii sio kutetemeka kwa mkono kama kwa wazee wenye Parkinson, pale mkono unatetemeka kwa mdundo mmoja, huku mwili unahamahama, mara bega mara mguu mara uso.

Jina Huntington ni la daktari kijana wa Marekani, George Huntington, aliyeandika habari zake mwaka 1872. Baba yake na babu yake nao walikuwa madaktari palepale Long Island na walizitibu familia zilezile, ndo maana yeye akaweza kuona kuwa kitu kinatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Daktari mmoja peke yake asingeona, ilitakiwa vizazi vitatu vya madaktari vitazame vizazi vya wagonjwa. Na wewe barua yako umefanya hivyohivyo, umetaja bibi, baba mkwe, baba mdogo na mume, hiyo karatasi ina thamani kuliko vipimo vingi, usiitupe.

Chanzo chake sasa. Kila mtu ana jeni inaitwa HTT, iko kwenye kromosomu ya 4, na ndani yake kuna herufi tatu CAG zinazojirudiarudia. Ni kama kaseti ya zamani iliyokwama inarudia neno moja, ikirudia kidogo wimbo unaendelea, ikirudia sana wimbo umeharibika. Marudio 26 kushuka chini hakuna tatizo. Kuanzia 40 kwenda juu ugonjwa utakuja kama mtu ataishi umri wa kutosha. Katikati hapo 36 mpaka 39 wengine wanaugua wengine hawaugui. Marudio yakiwa mengi protini inayotengenezwa inakuwa mbovu na polepole inaua seli za ubongo, hasa sehemu ya ndani kabisa inayoratibu mwendo na tabia, kwa hiyo hizo hasira za mumeo sio jeuri, ni ubongo ule ule unaorusha mguu. Najua kusema hivi ni rahisi, kuvumilia saa tano usiku ndo kazi.

Wanao. Hapa nisikufiche. Kama baba ana jeni hiyo basi kila mtoto, wa kike au wa kiume, anarushiwa shilingi yake mwenyewe, nusu kwa nusu. Shilingi haikumbuki ilivyoangukia kwa mwenzake, kwa hiyo wanaweza kupata wote watatu, mmoja, au asipate hata mmoja. Sura haihusiki kabisa! Huyo wa kwanza aliyefanana kucha hana hatari zaidi ya mdogo wake anayefanana na wewe. Na ambaye hakuipata hawezi kumpa mwanae, inaishia kwake. Watu husema ugonjwa umeruka kizazi, hapana, hauruki, mara nyingi unakuta yule wa katikati alikufa mapema kwa malaria au kwa ziwa kabla haujajitokeza. Na usiwapeleke watoto kupimwa. Hakuna dawa ya kuwapa leo ya kuzuia, na uamuzi wa kujua ni wao wakishakuwa watu wazima. Isipokuwa mtoto akianza dalili kweli, kukakamaa, degedege, darasani anashuka ghafla, huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine apelekwe, inatokea mara chache kabla ya miaka 20 na zaidi kwa waliorithi kwa baba kwa sababu marudio huwa yanaongezeka yakipita kwa mwanaume.

Kabla ya kumbandika mtu jina la Huntington mwili kucheza kuna sababu nyingine zinazotibika, kaswende ya muda mrefu, tezi la shingo likizidisha kazi, dawa fulani za akili zilizotumika miaka mingi, kwa watoto homa ya baridi yabisi baada ya koo kuuma. Zote hizi zichunguzwe kwanza, vipimo vyake vingi ni damu ya kawaida tu. Alafu kuna kitu hata baadhi ya madaktari hawakumbuki: upo ugonjwa pacha wake unaitwa HDL2, unatokana na jeni nyingine, JPH3 kwenye kromosomu ya 16, unafanana kila kitu na karibu wote waliogundulika nao duniani wana asili ya Afrika. Kwa hiyo sampuli ya mumeo ikipimwa HTT ikarudi safi na ukoo unacheza hivyo, usikubali kuambiwa basi hana kitu, uliza kwa heshima, dokta, na JPH3 je?

Pa kwenda: anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure, upate karatasi ya kwenda Bugando, hospitali kubwa ya kanda, pale aonwe na wa magonjwa ya ndani na wa afya ya akili, mkihitaji daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu wao ndo watawaelekeza, Muhimbili au pengine. Ukifika anza na historia ya ukoo, usianze na spana zinazodondoka. Sema, bibi yake, baba yake, baba yake mdogo. Ukisema spana tu wataandika gongo tena.

Sasa hili ndo nataka ulishike, ununue daftari. Ugonjwa huu unakwenda miaka, wengi 15 hadi 20 tangu dalili zianze, na daktari anamuona mumeo dakika kumi kila baada ya miezi kadhaa, sasa atajuaje amebadilika? Wao kliniki wana mizani yao, wanamwambia atoe ulimi aushike nje sekunde kumi (wengi hawawezi, unarudi ndani wenyewe kama kobe), agonge vidole haraka, afuate kidole kwa macho, atembee kwenye mstari. Na kuna alama za maisha ya kila siku zinazoanzia 13 zinashuka mpaka 0, wanauliza vitu vitano tu: kazi anaifanyaje, hela anazimudu, shughuli za nyumbani, kujihudumia mwenyewe, na anahitaji kuangaliwa kiasi gani. Hivyo vitano unaweza kuviandika wewe kila mwisho wa mwezi kwa Kiswahili chako cha kawaida. "Julai, injini bado anafungua ila kufunga anasaidiwa na kijana. Chenji anakosea." Inatosha hiyo, usiandike insha.

Alafu kila Jumapili mpime uzito, na mizani unayo hapohapo Mwaloni ile ya magunia ya dagaa, ila iwe ileile kila wiki na nguo nyepesi. Kilo ndo kitu cha kwanza kukudanganya kwenye ugonjwa huu, wewe unamuona kila siku huoni anavyopungua. Andika na mara alizoanguka, mara alizopaliwa, usingizi, na siku alizokaa kimya kupita kawaida. Kila mwezi mrekodi video ya dakika moja kwa simu, akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo ya maji na kurudi, sehemu ileile. Nilishawahi kumuona mama mmoja alikuja na video za miezi minane hivi, dokta alizitazama mfululizo akabadilisha dawa palepale bila kuuliza maswali mengi.

Dawa. Ya kuuponya haipo, na anayekwambia ipo anataka ng'ombe waliobaki. Ila kutibika katika maana ya mtu kuishi vizuri zaidi, vingi vinatibika. Kucheza kwa mwili kunapunguzwa, kuna tetrabenazine iliyopitishwa Marekani mwaka 2008 kwa ajili ya korea hii, na kuna za kawaida za kliniki za afya ya akili kama haloperidol, risperidone na olanzapine ambazo nazo zinatuliza, na olanzapine wengine inawaongezea hamu ya kula, hapo unaua ndege wawili. Ila msikimbilie. Kama mwili kucheza hakumzuii kula wala kulala wala hakumwangushi, mara nyingine wanaona aibu ndugu kuliko yeye mwenyewe (wagonjwa wengi wala hawajioni wanavyocheza, ndo maana anakujibu mbona nimetulia, hakudanganyi). Dozi ikizidi anakakamaa na kuwa mzito kama gogo. Na tetrabenazine inaweza kuleta huzuni nzito.

Huzuni yenyewe ndo nnayoiogopa zaidi. Inatibika kwa vidonge kabisa, fluoxetine na wenzake, lakini isipoangaliwa watu wenye ugonjwa huu hujiua kwa wingi kuliko watu wengine. Akisema maneno ya kuchoka kuishi mpeleke siku hiyohiyo, usisubiri kliniki ya tarehe. Sumu ya panya na zile dawa za pamba kama mnazo zitoke ndani ya nyumba leo.

Kula: huyu anachoma nguvu kama mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha hata akiwa amekaa, kwa hiyo milo mitano sita midogo, uji wenye karanga na mafuta, maziwa, viazi vitamu, parachichi. Hatari iko kwenye kumeza. Sato mzima na miba yake sahau, mtolee mnofu uusage kwa mchuzi, dagaa watwange wawe unga. Maji matupu yanapalia haraka kuliko uji mzito, watu wanashangaa lakini ndo hivyo. Akae wima, kidevu chini kidogo akimeza, redio zima, usimwongeleshe. Wengi mwisho wao ni nimonia inayoanzia na chakula kuingia njia ya hewa, sikwambii kukutisha, nakwambia ili ujue kwa nini nang'ang'ania miba.

Na mtumbwini asishuke tena kufanyia injini majini, injini iletwe nchi kavu. Pikipiki pia basi.

Kwa mama mkwe wako kama ni mtu wa kanisa, mwambie hili: Mei 2017 Papa Fransisko alizipokea Vatikani familia zenye ugonjwa huu, zikiwemo za Amerika Kusini, na neno la siku ile lilikuwa wasifichwe tena. Hizo za Amerika Kusini zilitoka sehemu kama pwani ya Ziwa Maracaibo kule Venezuela, kwenye vijiji vya wavuvi kama Barranquitas, nyumba nyingine zimejengwa juu ya nguzo majini, watu maskini wa nyavu na samaki kama sisi. Pale ugonjwa umejaa kuliko popote duniani, daktari wao Américo Negrette ndo aliyegundua miaka ya 1950 kwamba wale waliodhaniwa walevi (unaona?) walikuwa wagonjwa wa Huntington. Baadaye Mmarekani Nancy Wexler, ambaye mama yake mzazi aliufia ugonjwa huu mwaka 1978, akawa anakwenda kila mwaka kuanzia 1979 kuchora ukoo na kuchukua damu, wakafika watu zaidi ya 18,000 kwenye mchoro. Kwa damu ya wavuvi wale mwaka 1983 ikajulikana iko kromosomu ya 4, na 1993 jeni yenyewe ikapatikana. Mpaka leo wengi wao bado maskini, kitu ambacho kwa kweli kinaniuma, dunia nzima inapima kwa msaada wao. Lakini mkweo ajue basi kwamba mizimu ya Ukerewe haikuvuka bahari kwenda kuwakasirikia Wavenezuela.

Mambo dokta? Mi kijana wa miaka 22 niko Nansio. Baba ameshapimwa na ana Huntington kabisa. Mwakani naoa. Nikapime? Na mchumba nimwambie au nikae kimya maana atanikimbia.
Roho Juu

Poa mwanangu, ila mimi nesi, usinipandishe cheo.

Kupima ni haki yako na sio wajibu wako. Sehemu zenye vipimo hivi kwa urahisi kabisa, Ulaya na Marekani, watu wengi wenye mzazi mgonjwa huamua kutopima, sehemu nyingi wanaopima hawafiki hata mmoja kati ya watano. Huyo Nancy Wexler niliyemtaja juu, aliyehangaika mpaka jeni ikapatikana, alikaa miaka na miaka bila kusema lolote kuhusu yeye mwenyewe mpaka 2020 alipotangaza kwamba na yeye anao. Kwa hiyo usiite uoga.

Jiulize jibu likija baya Jumatatu, Jumanne utafanya nini tofauti? Wapo wenye majibu ya kueleweka: nataka kujua kabla sijazaa, nataka kuchagua kazi, siwezi kuishi na swali. Hao wanapima na wanatulia. Wapo ambao swali linawaacha waamke asubuhi waende ziwani, jibu lingewalaza kitandani miaka ishirini kabla ya ugonjwa. Inavyotakiwa ni kukaa na mshauri kwanza zaidi ya mara moja, ndo damu itolewe, na majibu upewe uso kwa uso ukiwa na mtu wako, na hata siku ya majibu unaruhusiwa kusema nimeghairi. Kama mtu anataka kukutoa damu dakika tano na kukutumia majibu kwa simu, ondoka. Jibu zuri nalo lina shida zake, nimesikia watu waliokuta hawana jeni hiyo wakaanza kulia kwa ajili ya mdogo wao aliyekuta anayo.

Mchumba mwambie. Usimwambie jibu kama hulijui, mwambie hali: baba anaumwa kitu cha kurithi na mimi nina nusu kwa nusu. Akikimbia amekimbia kabla ya mahari, maumivu yake hayalingani na ya mwanamke anayekuja kujua akiwa tayari ana watoto watatu (soma barua ya juu). Wengine hawakimbii, unawadharau bure.

Nesi nimeona kwenye mtandao kuna dawa ya Huntington imepatikana Ulaya, alafu kuna jamaa hapa Sengerema anauza mafuta chupa 80,000 anasema ndo yenyewe. Nichukue?
Mdau

Ulichoona kipo, ila sio hicho cha jamaa. Septemba 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza matokeo ya jaribio la tiba ya jeni inaitwa AMT-130, kwamba baada ya miaka mitatu waliopewa dozi kubwa ugonjwa wao ulikwenda polepole kwa asilimia 75 ukilinganisha na wagonjwa wengine ambao hawakuipata. Ni habari kubwa kweli, mi mwenyewe nilisoma nikasimama. Lakini waliofuatiliwa miaka hiyo mitatu kwenye dozi kubwa ni watu 12 tu, na dawa haimezwi, kichwa kinatobolewa na inapelekwa ndani kabisa ya ubongo polepole, operesheni ya saa 12 hadi 18. Na jaribio lingine lililopigiwa debe hivihivi, la tominersen, lilisimamishwa Machi 2021 maana halikuwasaidia wagonjwa. Na hata hiyo AMT-130 inapunguza mwendo tu, hairudishi kilichokufa.

Sasa niambie, kitu kinachohitaji kutoboa fuvu saa 12, jamaa wa Sengerema kakiwekaje kwenye chupa ya mafuta ya kupaka? Hiyo elfu themanini kanunue karanga na maziwa.